Majirani wa Milioni

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kuwaambia wanafunzi arobaini na kitu, siku yangu ya kwanza ya kufundisha Muyinga, kwamba milioni moja na moja haigawanyiki. Niliiandika ubaoni kwa tarakimu kubwa, 1 000 001, nikaipigia mistari miwili chini, nikasema hii ni namba tasa, hakuna kinachoingia ndani yake ila moja na yenyewe. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyehakikisha. Na kweli nilikuwa nimehakikisha, kwa kadiri nilivyojua kuhakikisha wakati ule.

Ninawaandikia ninyi mnaoingia sasa kufundisha hesabu kwa watoto waliosomea kwingine. Nimestaafu kabla ya kuzeeka, kwa sababu ya koo. Daktari aliniambia niongee kidogo iwezekanavyo, na mke wangu akamwomba aliandike hilo na kuligongea mhuri. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilikulia katika makazi ya wakimbizi upande wa Tanzania, nikasoma shule za huko kwa Kiswahili mpaka pale uwezo wa nyumbani ulipokoma. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kimoja cha hesabu kilichokuwa kimepoteza jalada na kurasa za nyuma. Ukurasa wa mwisho uliosalia ulikuwa na jedwali la namba tasa. Lilianza na mbili, likakomea tisini na saba. Nililikariri kama watu wanavyokariri majina ya wajomba zao. Sikuwa na wa kunisahihisha, kwa hiyo nilijisahihisha mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hajui aache lini. Nilirudia zoezi moja hadi penseli ikatoboa karatasi. Nilipojibu sawasawa nilishuku kwamba nimebahatisha, nikaanza upya. Amani ilipopatikana na wazazi wangu wakaamua kurudi Burundi, wasiwasi huo niliubeba pamoja na godoro na sufuria.

Muyinga walikuwa wanatafuta watu wa kufundisha darasa la kuunganisha. Hilo lilikuwa darasa la watoto waliotoka Tanzania, wakae mwaka mmoja wajifunze Kifaransa na Kirundi cha kuandika kabla hawajapelekwa shule za kawaida. Walihitaji mtu wa hesabu anayejua Kiswahili cha watoto hao. Mimi nilikijua. Vyeti sikuwa navyo vingi, na kila asubuhi nilivaa koti nikiamini kwamba leo ndiyo siku watakayoligundua hilo.

Ukuta kati ya chumba changu na cha jirani ulikuwa mkeka. Upande wa pili alifundisha Madamu Goreth, mwalimu wa Kifaransa, mama wa makamo ambaye hakuwahi kuondoka Burundi na ambaye kupitia mkeka ule alisikia kila nilichosema. Siku hiyo ya kwanza watoto walipotoka, alikuja akasimama mbele ya ubao wangu, mikono nyuma.

"Petit," alisema, yaani mdogo, na ndivyo alivyoniita mpaka tulipoachana, "hii milioni moja na moja, ulijaribu mpaka wapi?"

"Mpaka tisini na saba, Madamu. Zote. Hakuna iliyoingia."

"Na juu ya nini uliishia pale?"

"Kitabu kiliishia pale."

Alinitazama kidogo. Hakucheka, na hilo nililishukuru baadaye.

"Bon. Kitabu kiliishia. Namba nazo ziliishia?"

"Hapana."

"Basi jaribu yenye kufuata."

Inayofuata baada ya tisini na saba ni mia moja na moja. Niligawanya palepale, yeye akiwa amesimama. Mia moja na moja iliingia mara elfu tisa mia tisa na moja, bila baki. Nilikuwa nimepanda ngazi yote nikaketi kwenye kidato cha mwisho nikisema hakuna mlango.

Hapa niwape kanuni ambayo kitabu changu kilikuwa nayo, nadhani, kwenye kurasa zilizopotea. Unapotafuta kama namba ni tasa, unajaribu namba tasa ndogo moja baada ya nyingine, na unaruhusiwa kusimama ukifika ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaivuka namba unayoichunguza. Kwa namba zisizofika elfu kumi, tisini na saba inatosha. Kwa milioni moja na moja ilinipasa niende mpaka karibu na elfu moja. Mimi niliamini jedwali limekoma kwa sababu kazi imekoma.

Kesho yake nilifanya kosa la pili, na hili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Nilitumia kipindi kizima kuomba radhi. Nilifuta ubao kwa mkono wa koti, nikaandika upya, nikaeleza, nikafuta, nikaeleza tena. Watoto walikaa kama watu walioitwa msibani. Mwishowe mvulana wa benchi la nyuma akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na saba mara nane? Bado ni hamsini na sita?"

Wenzake wakacheka. Nitakiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilihesabu kimoyomoyo kabla ya kumjibu.

Madamu Goreth alikuwa amesikia yote. Mchana alinikuta nakung'uta chaki kwenye koti.

"We unafuta sana," alisema. "Mtoto akiona mwalimu anafuta mbio mbio, anajua pale iko kitu cha kuogopa. Acha ibaki. Izungushie duara, uwaulize wenyewe ilivunjika wapi."

"Na wakiona nimekosea?"

"Wameshaona, petit. Darasa nzima imeona. Na mimi nimeona, kwenye mkeka."

Hiyo ndiyo elimu ya ualimu niliyopata, na sijaona iliyoizidi. Ilinichukua miaka kuifuata. Kichwa kilikubali siku ileile, mkono ulikataa.

Juu ya vifaa nitasema machache. Ubao wetu ulikuwa mbao nyembamba tuliyoipaka unga mweusi wa betri zilizokwisha, uliokorogwa na uji wa muhogo. Ukizidisha uji, ubao unang'aa na benchi za pembeni hazioni kitu. Ukipunguza, kila chaki inayopita inaondoka na weusi wake. Chaki ya bei ya chini hukwaruza hadi meno yanauma. Ile laini niliipata baadaye, katika duka la Bwana Yusufu huko Magarama, mjini Gitega, ambaye alikuwa akiijaribu kwenye kaunta yake nyeusi kabla ya kukuuzia, na hakukubali urudishe iliyovunjika njiani. Nilijifunza pia kuandika tarakimu kubwa kwa mafungu ya tatu tatu na kuacha nafasi kati yake, bila alama ya mkato. Tanzania tulitenganisha maelfu kwa mkato, lakini Burundi mkato unaanzisha sehemu za kumi. Mtoto wetu mmoja alisomewa elfu mbili zake kama mbili kamili.

Milioni moja na moja niliendelea kuifundisha kila mwaka, pamoja na jirani yake wa upande wa pili, 999 999. Nilizipenda mbili hizo kwa sababu mtoto anazielewa kwa macho. Ile ya juu ni ngumu kufungua, ina milango miwili tu, mia moja na moja na elfu tisa mia tisa na moja. Ile ya chini ni nyumba ya milango wazi. Ukiitazama vizuri ni 999 iliyoandikwa mara mbili, kwa hiyo ni 999 mara 1 001. Ya kwanza unaivunja kuwa tatu mara tatu mara tatu mara thelathini na saba. Ya pili inavunjika kuwa saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Na ingawa zinapishana kwa mbili tu, namba hizo hazina kigawanyo hata kimoja zinachoshirikiana zaidi ya moja. Nilipomwambia Madamu Goreth kwamba kwa Kiswahili zisizogawanyika tunaziita tasa, alisikitika. Kifaransa, alisema, huziita za kwanza. Akaniuliza namba hizo zilitukosea nini.

Jambo lililotutesa kuliko yote halikuwa namba kubwa. Lilikuwa kugawa. Huko tulikotoka, mgawanyo unaandikwa hivi: kigawanyo kushoto, mstari uliopinda, namba inayogawanywa ndani, na jibu linakaa juu. Burundi namba inayogawanywa inakaa kushoto, unasimamisha mstari, kigawanyo kinakaa kulia, na jibu linaandikwa chini ya kigawanyo. Hesabu ni ileile, majibu ni yaleyale, lakini aliyezoea moja akiitazama nyingine anaona kitu kilichopinduliwa. Watoto wetu walikuwa wakitoka darasa la kuunganisha wanajua kugawa, wanafika shule ya kawaida wanapewa sifuri.

Nikaamua kuimaliza shida hiyo kwa ukali. Nilipiga marufuku mpangilio wa Tanzania katika darasa langu. Aliyeweka kigawanyo kushoto nilifuta kazi yake bila kusoma jibu. Nilijiambia nawalinda. Sasa naona nilikuwa najilinda mimi, mwalimu asiye na vyeti, nisionekane kwamba wanafunzi wangu wanaandika kama nilivyokuwa naandika.

Nilihamishiwa Gitega baada ya miaka kadhaa, nikapanga chumba mtaa wa Musinzira. Huko ndiko alikonijia Neema. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu kuliko mimi, amefika kidato cha pili Tanzania kabla ya familia yake kurudi. Sasa aliishi Buraza kwa baba yake mdogo, na siku za masomo alilala kwa jirani yangu. Shida yake ilikuwa wazi. Mwisho wa mwaka angefanyiwa mtihani wa kupangiwa darasa, mbele ya ubao, kwa mdomo na kwa chaki. Akionekana dhaifu angepelekwa mwaka wa sita, akae na watoto wa miaka kumi na mmoja. Akifaulu angeingia mwaka wa tisa.

"Baba mdogo amesema atanipa mwaka mmoja," aliniambia. "Labda na nusu. Akisikia mwaka wa sita, nitarudi shambani siku hiyohiyo."

Baba mdogo huyo nilimwona mara moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba lililogawanywa upya na ndugu waliorudi, na mikono michache ya kulilima. Aliniuliza kama hesabu za Neema zilikuwa nzuri. Nilimwambia ni nzuri sana. Akasema, "Basi mwambie azifanye upesi."

Na zilikuwa nzuri. Neema aligawa kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, lakini kwa mpangilio wa Tanzania. Nikimlazimisha wa Burundi, alikwenda kama mtu anayevaa viatu vya mwenzake.

"Mwalimu," aliniuliza siku moja, mimi nikiwa nimeshafuta mgawanyo wake, "jibu lenyewe linajua limekaa wapi?"

"Mtahini anajua."

"Basi afundishwe yeye."

"Neema."

"Ndiyo, Mwalimu. Naandika upya, Mwalimu."

Aliandika upya. Miezi yote ile aliandika upya.

Mtihani ulifanyika katika chumba cha shule moja mjini. Walimu waliruhusiwa kukaa benchi la nyuma, bila kusema. Mtahini alikuwa Mesiye Fabien, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mpole, aliyekuwa ameshapima watoto wengi asubuhi hiyo na alionekana kuchoka kuwaangusha.

"Bon, Neema. Nipe nombre moja ya tarakimu sita, ile we unapenda. Uniambie ndani yake iko nini."

"Laki tisa tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa."

"Laki iko nini?"

"Mia elfu, Mesiye."

"Ah. Andika tu."

Akaandika. Akasema kwamba ndani yake mna tatu mara tatu mara tatu, halafu saba, kumi na moja, kumi na tatu na thelathini na saba. Mesiye Fabien akamtazama juu ya miwani.

"Hiyo umekariri."

"Sikukariri, Mesiye."

"Haya, gawa kwa saba nione."

Alianza vizuri. Namba kubwa kushoto, mstari wima, saba kulia. Halafu chaki ikasimama. Akasogea pembeni, kwenye sehemu tupu ya ubao, akaandika saba kushoto, akapindisha mstari, na mkono ukaanza kukimbia. Jibu likapanda juu tarakimu kwa tarakimu, 142 857, kabla sijamaliza kumeza mate.

Mesiye Fabien aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine.

"Mwana wanje," akasema, akimaanisha mwanangu, "hapa umegawa saba kwa karibu milioni. Ingekuwa harusi, kila mtu angekula vumbi."

Nilisimama. Sikukusudia kusimama. Nilikuwa nimeshauvuta mkono wa koti juu ya kiganja, tayari kwenda kufuta, nimwambie aandike upya, nimwambie mtahini kwamba anajua, kwamba nimemfundisha, kwamba si kosa langu. Neno hilo la mwisho ndilo lililonishtua, kwa sababu nililisikia kichwani waziwazi kuliko mengine yote.

"Mwalimu, kaa," alisema Mesiye Fabien bila kugeuka. "Ekzame ni yake."

Nikakaa.

Akamwambia Neema, kwa upole, "Mi siwezi kusoma hii. Sisemi ni mbaya. Nasema siwezi kuisoma, na kitu siwezi kusoma, siwezi kukipa pointi. Unaelewa?"

"Naelewa, Mesiye."

Kalamu ya mtahini ilikuwa imeshashuka kwenye karatasi. Nilijua inaelekea kuandika sita.

"Mesiye," Neema akauliza, "hapa kuzidisha mnaandikaje?"

"Kuzidisha? Kama kila mtu."

"Moja juu, moja chini, mstari, unaanzia kulia?"

"Ego," akajibu, ndiyo kwa Kirundi.

Kalamu ikasimama. Neema hakuufuta mgawanyo wake. Chini yake aliandika 142 857, chini ya hiyo saba, akapiga mstari. Halafu akazidisha kwa sauti, kama wanavyofanya watoto wadogo, ili mtu yeyote chumbani aweze kumfuata.

"Saba mara saba, arobaini na tisa. Naandika tisa, nabeba nne. Saba mara tano, thelathini na tano, na nne, thelathini na tisa. Naandika tisa, nabeba tatu. Saba mara nane, hamsini na sita, na tatu, hamsini na tisa. Naandika tisa."

Kwenye tisa ya tatu Mesiye Fabien alianza kuhesabu naye kwa midomo. Kwenye ya nne aliisema kwa sauti. Zilipotimia sita alivua miwani na kuishika kwa uzi wake.

"Donc hiyo ya juu ilikuwa jibu," alisema.

"Ndiyo, Mesiye. Huko tulikosoma jibu linakaa juu, na kinachogawa kinakaa kushoto."

"Njoo unionyeshe tena, pole pole. Iko watoto wengine nje kama wewe?"

"Wapo saba, Mesiye."

"Basi nionyeshe vizuri, nisije nikawaangusha bure."

Akamwonyesha. Mtahini akamtaka agawe palepale kwa kumi na tatu, kisha kwa thelathini na saba, na kila mara Neema alimrudisha kwenye namba ya mwanzo kwa kuzidisha, mtahini mwenyewe akifuata kwa kidole. Mwisho Mesiye Fabien aliandika kwenye karatasi na kuigeuza ili Neema aisome.

"Mwaka wa tisa. Lakini nakwambia ukweli, kwa Kifaransa utalia."

"Nitalia hukohuko mwaka wa tisa, Mesiye."

Nje tulitembea hadi barabarani. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kumpongeza. Nilichotoa ni hiki:

"Nilitaka kuja kuifuta."

"Najua, Mwalimu. Nilisikia benchi."

"Ningekuharibia."

Hakusema hapana. "Miezi yote hii," akasema, "nikiwa nafanya ile ya Burundi, nilikuwa nasubiri mkono wako utokee pembeni. Leo nilipokwama nikasema, hawezi kufika hapa." Kisha akaniomba nimsindikize Buraza Jumamosi, nikaongee na baba yake mdogo, kwa sababu mwaka mmoja aliomwahidi hautatosha kama matokeo ya mwaka wa tisa yakitaka aendelee, na yeye alikusudia yatake.

Nilikwenda. Baba yake mdogo alitusikiliza akiwa anamenya maharage. Aliuliza swali moja tu: huyo mtahini, alikubali mwenyewe au aliombwa? Neema akamjibu, "Alihesabu na mimi." Mzee akasogeza ungo tupate nafasi ya kukaa. Neema alimaliza mwaka wa tisa, akaendelea, na leo ni mkunga Muyinga.

Wale saba waliokuwa nje walipangwa wote siku ileile, na hakuna aliyepata sifuri kwa sababu ya mahali alipoweka jibu. Mwaka uliofuata Mesiye Fabien alinialika nikae naye upande wa mbele. Tangu hapo, katika chumba kile cha Gitega mgawanyo unapokelewa kwa mpangilio wowote, mradi mwanafunzi azidishe mbele ya mtahini na kuipata namba aliyoanza nayo.